Uso Wangu, Kifua Chake

Asubuhi ile pini zilikataa kukaa mdomoni. Mimi ni fundi wa nguo, na fundi yeyote wa nguo atakuambia kwamba midomo ni mkono wa tatu: pini hushikwa hapo huku mikono miwili ikikunja upindo. Nilikuwa kwenye kibanda changu karibu na soko la Kitui, nimepiga magoti mbele ya mama mmoja aliyekuja kujaribu nguo yake ya kuvaa kwenye harusi ya binti yake. Nikaweka pini mdomoni kama nilivyofanya tangu usichana wangu. Zikaanguka. Nikaziokota, nikaziweka tena, zikaanguka tena. Yule mama alicheka kwanza. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka.

"Fundi," akasema, "hebu inua uso. Huo mdomo umefanya nini?"

Niligeuka kwenye kioo cha wateja. Upande wa kulia wa uso wangu ulikuwa umeteremka kama pazia lililochomoka ndoano. Nilijaribu kutabasamu, upande wa kushoto ukaenda peke yake. Nilijaribu kufumba macho. La kushoto lilifumba, la kulia likabaki wazi. Ndipo nikakumbuka kwamba chai ilikuwa imenimwagikia kifuani asubuhi nikalaumu kikombe.

Nilidhani ni kiharusi. Mama yangu mzazi alifariki kwa kiharusi, na nilijua kinavyoanza. Mteja wangu, akiwa bado na nguo ya harusi ambayo haijamalizwa upindo, alisimamisha boda boda, akanikalisha katikati kama mtoto, akanipeleka hospitali. Sijamsahau.

Daktari aliniambia niinue mikono, nitembee, nimshike vidole kwa nguvu. Kisha akasema, "Mama, hiki si kiharusi. Ni neva moja ya uso imevimba. Uso umepooza upande mmoja. Watu wengi hupona."

"Kwa muda gani?"

"Wiki kadhaa. Wengine miezi. Wachache hubaki na kasoro kidogo."

Alinipa vidonge vya kupunguza uvimbe, dawa ya matone ya jicho, na plasta ya kulifunga jicho nikilala ili lisikauke. Alisema nimefanya vizuri kwenda mapema. Lakini ukiambiwa wengi hupona na wachache hubaki, unasikia lile neno la mwisho tu. Nilirudi nyumbani nimejifunika leso hadi puani.

Mume wangu alikuwa kazini kwenye mji wa Sultan Hamud, huko Makueni. Alikuwa fundi wa mawe. Kazi yake ilikuwa kuyachonga kwa nyundo na tindo mpaka yawe na pembe nne zinazokubaliana, na mengine kuyakata kwa mashine. Ujenzi ulimvuta huku na kule, na miaka ile maduka yalikuwa yakiota kando ya barabara ya Mombasa, kwa hiyo alipanga chumba kule, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki Kitui na watoto, cherehani, na wateja. Hivyo ndivyo tulivyoishi tangu tuoane. Tulipendana kwa simu na kwa magunia ya machungwa aliyonitumia msimu ukifika. Hatukuona kwamba ni jambo la kusikitisha. Majirani wengi waliishi vivyo hivyo.

Nilimpigia. Nikasema, "Baba Watoto," lakini midomo ilikuwa haikutani, na neno likatoka kama "Vava Watoto."

Akacheka. "Unakula nini hata hunibakishii?"

Alinisikia nikilia kwa sauti ya mtu asiyejua kulia, kwa sababu hata kulia kunahitaji uso mzima. "Nakuja," akasema, na kesho yake alikuwa mlangoni, mwezi ukiwa bado mchanga. Alinitazama, akavua kofia, akasema, "Pole, mama watoto." Hakusema neno lingine juu ya uso wangu. Alitengeneza bawaba ya mlango wa choo, akachota maji, akakaa siku mbili, akarudi kazini.

Wamama wa kanisa walikuja kuniombea. Waliniwekea mikono kichwani na nikafarijika kweli, mpaka mmoja wao aliponivuta kando na kuniuliza kama sina ugomvi na fundi wa kibanda cha pili. Mama mkwe wangu alipiga simu kutoka Mutomo. "Ni upepo, mwana wakwa," akasema, yaani mwanangu. "Ulilala dirisha likiwa wazi." Nikamwambia daktari amesema ni neva. "Haya, basi upepo umeingia kwenye neva," akajibu, na mazungumzo yakaisha.

Vidonge vikaisha. Uso ukabaki pale pale. Nilifungua kibanda nikakifunga tena. Mtoto mmoja aliyeletwa kupimwa yunifomu alijificha nyuma ya nyanya yake, na nyanya yake akamchapa, na lile kofi liliniuma kuliko kule kujificha. Nilianza kula peke yangu, nikishikilia shavu kwa kidole ili chakula kisikwame. Watoto wetu walikuwa shule za bweni, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba hawako.

Ndipo mume wangu aliponiambia habari za mama Mchina.

"Mume wake ni msimamizi wa mashine ya kusaga kokoto hapa kwari, tunakochukua mawe," akasema kwenye simu. "Huyo mama anatibu kwa moto. Si kuchoma, ni kupasha. Alimpasha mlinzi wetu mgongo mpaka akanyooka. Nimemuuliza juu ya uso. Amesema kwao huo ni ugonjwa wa kawaida, wanautibu hivyo tangu zamani."

"Kwa moto usoni?"

"Wewe uje. Kama haisaidii, utakuwa umenitembelea tu."

Aliposema hivyo sote wawili tuligundua kwamba sijawahi kumtembelea.

Nilipita kwanza kwa yule daktari. Alisikiliza, akakuna kidevu. "Siwezi kukuambia kwamba itakuponya," akasema. "Lakini kama hawakuchomi, na kama utaendelea kulilinda jicho, sikukatazi. Kitu kikiendelea vibaya, rudi." Hiyo ilinitosha.

Chumba cha mume wangu kule Sultan Hamud kilikuwa kwenye ploti ya mabati nyuma ya duka la mbao. Nakumbuka nilivyosimama mlangoni. Kulikuwa na kitanda, stovu, sufuria, sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Na vumbi. Lilikuwa jeupe, laini kama unga wa muhogo, limekaa juu ya fremu ya dirisha, kwenye mikunjo ya blanketi, hata ndani ya sukari. Siku ya kwanza nilifua nguo zake za kazi, na maji yakawa kama maziwa. Nikayamwaga, nikachota mengine, yakawa kama maziwa tena.

"Hiyo haiishi," akaniambia akiwa kitandani. "Mimi huzikung'uta tu."

Jioni ile alinunua kikombe cha pili.

Mama Mchina aliishi katika nyumba ya kampuni karibu na kwari. Alikuwa mwanamke mfupi, nywele zimekatwa kama za mwanafunzi, amevaa ndara. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache ya sokoni, na mengine aliyasema kwenye simu yake ikamtafsiria kwa sauti ya ajabu. Jambo la kwanza aliloiambia simu lilikuwa, "Mimi si daktari. Mama yangu alifanya hivi kijijini."

Alinilaza ubavu. Akatoa kijiti kinene kama kidole gumba, kimeviringishwa kwa karatasi nyeupe, ndani yake majani makavu yaliyopondwa mpaka yakawa kama sufi. Nilinusa, nikawaza pakanga, ule mmea mchungu wa dawa. Alikiwasha upande mmoja kama mtu anavyowasha sigara, akapuliza mpaka kikawa na kaa jekundu bila mwali, kisha akakisogeza karibu na ngozi yangu, nyuma ya sikio, bila kugusa. Joto lilikuja polepole. Kwanza kama kukaa kando ya mtu, halafu kama jua la alasiri. Akahamia chini ya sikio, kwenye kona ya taya, shavuni, juu ya nyusi, na mwisho kwenye mkono wangu, pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Kila mahali alipopasha aliweka vidole vyake viwili, kimoja huku na kingine kule, ili navyo vipate joto nililopata mimi.

"Moto?" akauliza.

"Bado."

"Moto?"

"Kidogo."

Simu ikanieleza kwamba kwao anaangalia ngozi ikiwa nyekundu ndipo anasimama. Ngozi yangu nyeusi haikumwambia kitu. Kwa hiyo alilazimika kuniuliza, na mimi nililazimika kujibu.

Alisema inatakiwa kufanywa kila siku, na yeye hawezi kila siku. Akamgeukia mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Wewe," akasema.

"Mimi?" Mume wangu akatazama mikono yake.

Alimpa kijiti. Alimwonyesha namna ya kuweka vidole viwili. Mume wangu akaviweka, akasogeza kaa, mama Mchina akangoja. Mimi nikahisi joto, nikahisi joto zaidi, nikapiga kelele. Mpaka leo nina alama ndogo chini ya sikio. Mume wangu aliruka nyuma kama aliyeunguzwa yeye.

"Sisikii," akasema. Alikuwa amefadhaika. "Vidole vyangu havisikii joto. Ni mawe. Vimekufa."

Mama Mchina alimshika mkono, akavigusa vidole vyake kimoja kimoja, vigumu kama pembe. Akatikisa kichwa. Kisha akaelekeza kidole kwenye macho ya mume wangu, halafu kwenye uso wangu. Akasema lile neno lake: "Moto?" Alitaka kusema kwamba, kwa kuwa vidole havisikii, basi atazame na aulize.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni, akishaoga, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya kitanda, akawasha kijiti, akanitazama. "Moto?" "Bado." "Sasa?" "Sogeza kidogo." Mwanamume ambaye kwa miaka yote ile alikuwa akiniuliza kama unga upo na kama karo imelipwa, sasa alikuwa akiniuliza ninahisi nini, na akingoja jibu, maana asipongoja angeniunguza.

Tulizungumza. Sijui kama ni ule moto au ni kwa sababu mtu aliyelala hana pa kwenda. Aliniambia kwamba alipokuwa kijana alitaka kuwa mchoraji wa mabango ya maduka, baba yake akamwambia rangi haijengi nyumba. Aliniambia kwamba miaka ya kwanza Sultan Hamud alikuwa akila ugali moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, akiwa amesimama, kwa sababu kuketi mezani peke yake kulimfanya ajione mgeni. Nilimwambia kwamba nilikuwa nikimpikia kila mwisho wa mwezi siku moja kabla hajafika, nikionja onja, nikiogopa amesahau mapishi yangu.

Siku moja kijiti kikiwa juu ya nyusi akasema, "Una kovu hapa."

"Nililipata nikiwa mdogo. Nilianguka kisimani."

"Sikuwahi kuliona."

"Ungeliona saa ngapi?" Nilisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka.

Moshi wa kijiti ulikuwa mzito, na chumba kilikuwa kidogo. Mume wangu alikohoa. Alikuwa akigeuza uso ukutani ili asinipulizie majivu, anakohoa, anafuta mdomo, anarudi. Nilimwambia, "Moshi huu utakuua," kama watu wanavyosema kila siku bila maana yoyote.

Hata kwa mama Mchina alikohoa. Tulikuwa tukienda kwake mara moja moja atazame uso unavyoendelea. Siku hiyo alifungua dirisha, akamsogezea kiti karibu nalo. Alipokohoa tena akamuuliza, "Wewe kikohozi siku nyingi?"

"Ni moshi, mama," mume wangu akasema. "Moshi wako huu."

Yule mama alitazama kijiti, akanitazama mimi. Akaweka kiganja juu ya kifua chake mwenyewe. "Hospitali," akasema. "Picha."

"Huyu sasa anataka wagonjwa wawili," mume wangu akaniambia kwa Kikamba, na tukacheka. Mimi nilicheka kwa nusu ya mdomo, ndiyo niliyokuwa nayo. Mama Mchina naye akacheka kwa kuwa tumecheka. Kisha akarudi kwenye shavu langu.

Mara nyingi narudi kimawazo kwenye chumba kile na dirisha lake lililofunguliwa. Watu watatu tulikuwa ndani yake, na sote watatu tulikuwa tunautazama uso wangu.

Uso ulirudi jioni moja, wakati mawazo yangu yalikuwa kwenye mboga nilizoacha nje. Mume wangu aliondoa kijiti ghafla. "Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Ulichofanya. Hapa, kona ya mdomo. Imetikisika."

Nilijaribu, na sikuhisi chochote, lakini niliona machoni mwake kwamba imetikisika tena. Alikizima kijiti kwenye mchanga wa kopo, akatoka nje bila viatu, nikamsikia akimwambia jirani, "Mke wangu amecheka!" Jirani akamuuliza amecheka nini. "Hajacheka kitu," akasema. "Amecheka tu!"

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Pua ilifuata, halafu kope. Siku jicho langu lilipofumba lenyewe, nilikaa nimelifumba kwa muda mrefu, nikionja giza. Sijui ni nini kilichoniponya. Daktari wa Kitui baadaye alisema ni vidonge na muda. Mama Mchina alisema upepo umetoka. Mama mkwe alisema huo upepo aliutaja yeye kwanza. Wamama wa kanisa walitoa shukrani madhabahuni. Sikubishana na yeyote. Mimi najua tu kwamba kila siku mtu alinipasha uso joto kwa mkono wake na kuniuliza kama inatosha.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, watoto wetu wakiwa likizoni kwa nyanya yao Mutomo, na msimu wa yunifomu ndio mavuno ya fundi wa nguo. Wateja walikuwa wakinipigia simu. Nikafunga begi langu.

"Kaa hata wiki moja," akasema.

"Yunifomu zinangoja, baba watoto. Nikizikosa hizi, watahamia kwa mwingine."

"Ni kweli," akasema. Alikuwa mtu wa kukubali jambo lenye hesabu. Alinisindikiza hadi barabarani. Tulipokuwa tumesimama alinionyesha chumba kitupu kinachotazamana na barabara kuu, mlango wa bluu. Alikuwa ameshamuuliza mwenye chumba. "Cherehani ingekaa pale," akasema. "Wasafiri wanasimama hapa kununua nyama. Mtu anaweza kushonewa zipu akingoja nyama iive."

Nikacheka. Nikasema tutaona. Na kweli nilitaka. Tulilizungumza kwenye simu wiki nyingi: pazia la rangi gani, nani atabaki na nyumba ya Kitui. Lakini muhula wa kwanza ulikuwa na kazi nyingi, wa pili mtoto wetu mkubwa alikuwa na mtihani, halafu mvua ikaja na paa la jikoni likavuja. Chumba kikachukuliwa na muuza vipuri vya pikipiki. Tukasema vipo vingine. Mama Mchina naye akaondoka na mumewe, kazi ya kokoto ilipohamia mahali pengine. Mume wangu alikwenda kumuaga na akampelekea machungwa.

Tukarudi kwenye maisha yetu ya mwisho wa mwezi, kana kwamba zile wiki zilikuwa matibabu na sasa mgonjwa amepona.

Alipokuja nyumbani miezi hiyo niliona kwamba suruali zinamlegea. Nikampunguzia kiunoni. Ni kazi ndogo, unafumua mshono wa nyuma, unaingiza, unashona. Mwisho wa mwezi mwingine nikampunguzia tena. Nilimuuliza kama anakula vizuri, akasema anakula. Akipanda kale kamlima ka kwetu kutoka stendi alikuwa akisimama njiani kusalimia watu. Nilifikiri amekuwa mtu wa salamu kuliko zamani. Alikuwa anapumzika.

Alianguka Mutomo. Alikwenda kumjengea mama yake tangi la maji, akainua jiwe ambalo siku nyingine angeliinua akipiga mluzi, akaketi chini, pumzi ikagoma. Walimpeleka hospitali ya misheni pale pale, na mimi nikafika nikamkuta amekaa kitandani ameegemea mbele, mikono juu ya magoti, akivuta hewa kama mtu anayeteka maji kisima kirefu. Kwanza walidhani ni kifua kikuu. Walipima, haikuwa. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliishikilia picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Mapafu ya mume wangu yalikuwa na madoa meupe kila mahali.

"Ni vumbi la mawe," akasema. "Linaingia, halitoki. Linaacha makovu. Alianza kukohoa lini?"

"Mwaka huu," mume wangu akasema.

"Hapana," nikasema. "Kabla. Kule Sultan Hamud, nilipokuwa mgonjwa."

"Ule ulikuwa moshi."

"Moshi gani?" daktari akauliza.

Tukamweleza: kijiti, chumba kidogo, kila jioni. Tulikuwa tunasaidiana kusimulia, huyu akianza sentensi yule akimalizia, na katikati ya simulizi nikamwona mume wangu ananitazama, na nikajua kwamba amefika pale nilipofika mimi. Alikuwa akikohoa kabla sijafika kule na kijiti changu. Moshi ulitupa tu jina la kukiita kile kikohozi.

Nilimfuata daktari kwenye korido. "Kama tungekuja wakati ule?"

"Makovu hayafutiki, mama. Lakini angeacha kuchonga mawe. Vumbi lisingeongezeka. Angepata miaka."

"Mingapi?"

"Sijui," akasema. "Nikikuambia nitakuwa nadanganya."

Nilimchukua nikamrudisha Kitui. Basi ikawa tunaishi pamoja, kama tulivyokuwa tukipanga, ila si kwa namna tuliyoipanga. Asubuhi alitembea nami polepole hadi kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja, akanitazama nikishona. Alijifunza kutia uzi kwenye sindano ya cherehani, ingawa kwa vidole vile ilimchukua muda, na wateja walimzoea wakawa wanamsalimia kwanza. Siku moja, kibanda kikiwa kitupu, akasema, "Laiti ningekuambia kwa nguvu kidogo ukae ile wiki."

"Ningekaa," nikasema.

"Ungekaa?"

"Labda." Nilisimamisha cherehani. "Sijui, baba watoto. Yunifomu zilikuwa nyingi."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, bila hasira. "Zilikuwa nyingi," akakubali.

Tulijaribu kurudisha yale mazungumzo ya ile ndoo iliyopinduliwa. Hayakurudi vile. Mtu anayehesabu pumzi hana maneno ya ziada. Niliyokuwa nataka kuyasikia, kuhusu baba yake, kuhusu mabango aliyotaka kuchora, alianza kuyasema akakatwa na kikohozi, nikamwambia anyamaze apumzike. Leo natamani ningemwacha amalize angalau moja.

Alifariki kiangazi, mchana, akiwa ameketi. Tulimzika Mutomo, kwenye ardhi ngumu iliyowatoa jasho wachimbaji. Mama mkwe wangu alikaa kwenye kiti cha plastiki, hakulia mbele ya watu. Baada ya mazishi tuliketi kula, na nilipotafuna tu jicho langu la kulia likaanza kutoa machozi. Limebaki hivyo, ndiyo ile kasoro kidogo. Kila nikila, linalia lenyewe. Wanawake wakaanza kunibembeleza, wakaniambia niweke sahani chini nilie vizuri. Niliwaambia ni neva tu. Hawakuniamini, na sikuwa na nguvu za kueleza, na kwa kweli sikujua tena ni lipi.

Mafundi wenzake wa Sultan Hamud walikuwa wamekuja, kundi zima, wamevaa mashati safi. Walikuwa wamebeba jeneza. Walisimama kando ya ua wakila, na mimi nikiwa nimekaa pale na jicho langu, niliwasikia. Mmoja alikohoa, akatema kando, akaendelea kula. Mwingine akakohoa.

Nikaweka sahani chini, nikawaendea.

"Mmepigwa picha ya kifua?" nikawauliza.

Wakatazamana. Hawakutarajia mjane awaulize hivyo. Mkubwa wao alifuta mikono kwenye suruali kwa heshima. "Ni vumbi la njiani tu, mama," akasema. "Tumetoka mbali."

"Hospitali iko hapo," nikasema. "Hata hamtapanda gari. Nendeni sasa, kabla hamjaondoka Mutomo. Nawaomba."

Walisema asante, wakaniambia pole tena, wakanishika mkono mmoja mmoja kwa vidole vigumu kama pembe. Nilikaa nikawatazama wakienda. Penye njia panda mmoja wao aligeuka kuelekea hospitali. Wengine walisimama kidogo, wakazungumza, wakaendelea kuelekea stendi.